Programu ya zamani imegoma kwenye Windows mpya: soma dalili kwanza

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zimebadilishwa hapa Tabora. Duka la vifaa vya ujenzi, duka la dawa, chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku huko Urambo au Sikonge: wananunua mashine mpya, au mtumba safi yenye Windows 11, wanahamisha folda ya programu yao kwa flashi, wanabofya, na programu haifunguki. Aliyeitunga ameshahama mji au namba yake haipatikani. Wa kwanza kuombwa ushauri husema: tupa, nunua nyingine.

Sikubali ushauri huo utolewe kabla mashine haijaangaliwa. Ndani ya programu hizo kuna madeni ya wateja, kilo za msimu mzima, tarehe za kuisha muda wa dawa. Nyingi zinazogoma zinaweza kurudi kazini, na zisizoweza bado hutoa data zake. Sharti ni kusoma dalili, kwa kuwa kila dalili ina chanzo chake, na tiba ya chanzo kimoja haigusi kingine. Anayejaribu kila kitu bila kusoma dalili anapapasa gizani, na akimaliza hajui hata ni kipi alichokiharibu.

Kabla ya kugusa chochote

Usiifute mashine ya zamani. Usiiuze, usimpe mtoto achezee, usiweke Windows mpya juu yake. Nakili folda nzima ya programu kwenye diski ya nje, kisha nakili tena mahali pengine. Baada ya hapo washa mashine hiyo na uandike kwenye karatasi: inatumia Windows gani, programu iko folda gani, printa gani, mzani au kifaa gani kimechomekwa na kwenye tundu lipi, na watumiaji wanaingia kwa majina gani. Karatasi hiyo itakuokoa baadaye, kwa sababu programu ya zamani haikai kwenye folda yake peke yake. Vipande vyake vingine viko ndani ya folda za Windows na kwenye rejista (registry, daftari la mipangilio ya Windows), navyo havifuati flashi.

Inakataa palepale: "This app can't run on your PC"

Ujumbe huu una vyanzo viwili ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni faili lililonakiliwa nusu. Flashi ilichomolewa mapema, au umeme ulikatika katikati ya kunakili. Linganisha ukubwa wa faili la .EXE, lile linaloifungua programu, kwenye mashine zote mbili. Ukitofautiana, nakili upya na jambo limekwisha. Anza na hili kila mara, maana halichukui hata dakika moja.

Cha pili ndicho kizito: programu ni ya biti 16, yaani ya enzi za DOS au Windows 3.1. Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Windows 10 ndiyo ya mwisho kuwa na toleo la biti 32, na toleo hilo ndilo lililobeba NTVDM, sehemu inayoendesha programu za biti 16. Hili si suala la ukaidi wa Microsoft peke yake. Prosesa ikiwa katika hali ya biti 64 haina tena ile njia ya kuigiza 8086, prosesa ya enzi za DOS, ambayo Windows iliitegemea kuendesha DOS. Kwa hiyo ukichagua "Windows 95" kwenye kichupo cha Compatibility, hakuna kitakachobadilika. Usipoteze muda hapo.

Utajuaje kama ni biti 16? Tengeneza nakala ya faili la .EXE, ifungue nakala hiyo kwa Notepad, usome mistari ya juu kabisa. Ukikuta sentensi "This program cannot be run in DOS mode" au "This program must be run under Win32", ni programu ya Windows ya kawaida, na sababu ya kugoma iko kwingine. Ukikuta "This program requires Microsoft Windows", kwa kawaida ni ya Windows 3.1. Usipokuta sentensi yoyote ya namna hiyo, na pembeni yake kuna mafaili ya .DBF (majedwali ya data), karibu hakika ni ya DOS, iliyotungwa kwa Clipper, FoxPro au dBase.

Ya DOS iendeshe ndani ya DOSBox-X au vDosPlus, programu zinazoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows. DOSBox ya kawaida siipendekezi kwa biashara: walioitengeneza walilenga michezo, na kazi za kuchapisha au watu wawili kutumia faili moja kwa pamoja hawakuzipa kipaumbele. Programu ikilalamika kwamba haiwezi kufungua mafaili zaidi, ongeza thamani ya `files` kwenye faili la mipangilio.

Ikianguka na kuandika "Runtime error 200", hiyo ni alama ya Turbo Pascal. Programu hizo zikianza hupima kasi ya prosesa, na prosesa za kuanzia takriban megahezi 200 huzaa namba kubwa kuliko nafasi iliyotengwa, basi programu inadondoka kabla hata ya kuonyesha menyu. Ndani ya DOSBox-X punguza `cycles`, yaani kasi inayoigizwa, hadi namba ndogo isiyobadilika, kwa mfano 5000, nayo itapita.

Ya Windows 3.1 ijaribu kwa otvdm, programu ya kuendeshea za biti 16 ndani ya Windows ya biti 64, ambayo pia huitwa winevdm. Anayetumia Linux ana bahati hapa: Wine bado inaendesha programu nyingi za Windows za biti 16 ambazo Windows 11 yenyewe imezikataa.

Kuna hali moja nyingine inayowakatisha watu tamaa bure. Miaka ya 1990 programu nyingi zilikuwa za biti 32, lakini kisakinishi chake, lile faili la SETUP.EXE, kilikuwa cha biti 16. Kisakinishi kikigoma, mwenye mashine anaamini programu yote imekufa. Chukua folda iliyokwisha kusakinishwa kwenye mashine ya zamani, iweke kwenye mpya, ufungue .EXE yenyewe. Mara nyingi itafunguka, au itataja kipande kimoja tu kinachokosekana, na hapo unakwenda kwenye dalili ya vipande vilivyopungua.

Kisakinishi kinasema diski imejaa, nawe una gigabaiti mia tatu

Kisakinishi cha zamani huhesabu nafasi ya diski kwa namba ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi. Kikomo chake ni baiti 2,147,483,647, yaani karibu gigabaiti 2. Nafasi ikizidi hapo, namba inaweza kugeuka hasi, na kisakinishi kinaona huna kitu. Fungua Disk Management, tengeneza diski ya kufikirika, faili la .VHD la gigabaiti 1, uipe herufi yake na usakinishe humo. Kumbuka tu kwamba ukizima mashine, diski hiyo haijirudishi yenyewe: unalibofya faili la .VHD mara mbili ndipo herufi ionekane tena.

Inafunguka vizuri, lakini mauzo ya jana hayaonekani

Hapa nitakaa, kwa sababu dalili hii ndiyo inayovunja uaminifu dukani. Mwenye duka anadhani mhudumu amefuta mauzo. Mhudumu anaapa hajagusa. Kwa kawaida wote wawili wanasema kweli.

Programu iliyotungwa wakati wa Windows XP ilizoea kuandika data zake ndani ya folda yake, huko `C:\Program Files`. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo. Windows ikiikatalia wazi, programu ingeanguka. Badala yake inaidanganya kwa upole: inalipeleka andiko kwenye folda ya siri ya mtumiaji huyo, kisha inaiambia programu kwamba kila kitu kimehifadhiwa pale ilipotaka. Folda hiyo ni:

`C:\Users\jina\AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86)`

Sasa fikiria duka lenye mhudumu wa asubuhi na wa jioni, kila mmoja na jina lake la kuingilia. Kila mmoja ana nakala yake ya data. Wa asubuhi anaona mauzo yake tu, wa jioni yake tu. Anakuja mwenye duka, anabofya kwa kitufe cha kulia, anachagua "Run as administrator" kama alivyoelekezwa na mtu, na yeye anakuta data za tatu, za siku programu ilipowekwa. Mafaili matatu yenye jina moja, na kila mtu anaamini lake ndilo la kweli.

Tiba yake ni hii. Funga programu kwa watumiaji wote. Ingia kwenye VirtualStore ya kila mtumiaji na unakili kilichomo kwenda kwenye diski ya nje, kila nakala kwenye folda yenye jina la mwenyewe. Kisha hamisha programu kutoka `Program Files` kwenda mahali pa wazi kama `C:\Stoo`, uwape watumiaji wote ruhusa ya Modify kwenye folda hiyo, na utengeneze njia ya mkato mpya. Njia ya mkato ya zamani ifute. Ikibaki, kesho kuna mtu ataibofya na mchezo utaanza upya.

Inabaki kazi ya kuunganisha data. Usipige ramli. Ikiwa mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiandika, faili lenye tarehe ya karibuni ndilo lake. Ikiwa walikuwa wawili, mwenye duka akae na vitabu vya risiti, na mauzo ya upande mmoja yaingizwe upya kwa mkono kwenye faili la upande wenye kumbukumbu nyingi zaidi. Ni kazi ya kuchosha, lakini kubandika mistari ya .DBF bila kujua namba za risiti zinavyofuatana huzaa stoo ya uongo, na stoo ya uongo ni mbaya kuliko stoo isiyoandikwa.

Wengi watakuambia dawa ni kuifanya programu ifunguke kama "administrator" siku zote. Siipendi. Kwanza inaficha tatizo badala ya kuliondoa. Pili inaleta dalili nyingine: diski za mtandao zilizopewa herufi, tuseme `Z:`, kwa kawaida hazionekani na programu iliyofunguliwa kwa mamlaka hayo, na utaanza kutafuta kosa kwenye waya ambao hauna kosa.

Inataja faili lisilopatikana

Soma jina la faili, ndilo lenye jibu. Jina likiwa `MSVCR100.dll`, programu inahitaji maktaba za Visual C++ 2010. Likiwa `VCRUNTIME140.dll`, maktaba za kuanzia 2015. Zipakue kutoka Microsoft, na uchukue zile za x86 (biti 32) hata kama mashine ni ya biti 64, kwa sababu kinachoamua ni biti za programu.

Likiwa `MSCOMCTL.OCX` au `COMDLG32.OCX`, programu ilitungwa kwa Visual Basic 6. Nyingi zilizotungwa na vijana wa mijini mwetu miaka ya 2000 ni za namna hii. Chukua faili hilo kwenye mashine ya zamani, liweke `C:\Windows\SysWOW64`, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi uandike:

`C:\Windows\SysWOW64\regsvr32 C:\Windows\SysWOW64\MSCOMCTL.OCX`

Majina ya folda yasikuchanganye: kwenye Windows ya biti 64, `System32` ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na `SysWOW64` ndiyo yenye ya biti 32. Ukilitia `System32`, programu haitaliona.

Tovuti zinazogawa DLL moja moja ziepuke kabisa. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia: hujui toleo, hujui aliyelichezea, na unalitia ndani ya mashine yenye fedha za watu.

Ikidai .NET Framework 3.5, maktaba nyingine ya Microsoft, Windows itataka kuipakua, na bando likiwa dogo itakwama katikati. Ukiwa na faili la ISO la Windows la toleo lilelile la mashine, libofye mara mbili lipate herufi, tuseme `D`, kisha:

`DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:D:\sources\sxs`

Haitatumia bando hata kidogo.

Programu ikisema "Data source name not found", mpangilio wa ODBC, unaoiunganisha programu na data zake, haukuhama. Uweke upya kwa kufungua `C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe`, ile ya biti 32. Ukiufanya kwenye ODBC ya biti 64, programu itakujibu kwamba kuna "architecture mismatch", maana yake biti hazilingani.

Risiti haitoki

Programu ya DOS haijui printa ya USB. Inajua `LPT1` tu, lile tundu pana ambalo mashine mpya hazina. Ishirikishe printa kwenye Windows kwa jina fupi lisilo na nafasi, mfano EPSON, kisha andika:

`net use LPT1: \\%COMPUTERNAME%\EPSON /persistent:yes`

Hii inafaa kwa printa za sindano na zile ndogo za risiti za karatasi ya joto, kwa kuwa zinaelewa maandishi matupu. Printa nyingi za bei nafuu za leza na za wino haziyaelewi: zitatulia kimya au kutapika karatasi zenye alama ovyo. Kwa hizo acha vDosPlus au DOSBox-X ipeleke uchapaji kwa printa ya Windows.

Mzani hausomi

Kwenye vituo vya kununulia tumbaku na kwenye maghala ya nafaka, mzani wa kidijitali huunganishwa kwa waya wa serial wenye pini 9. Mashine mpya haina tundu hilo, hivyo watu hununua kibadilishi cha USB. Windows inakipa namba yoyote, `COM7` au `COM12`, wakati programu ya zamani inatazama `COM1` hadi `COM4` pekee. Fungua Device Manager, kwenye Ports chagua kifaa hicho, Port Settings, Advanced, ukipe namba ya chini. Ikionekana "in use" na unajua hakuna kifaa kingine, ni namba iliyoshikwa na kibadilishi kilichowahi kuchomekwa zamani, unaweza kuichukua.

Ukikuta pembetatu ya njano na maneno "PHASED OUT SINCE 2012", kibadilishi chako kina chipu ya PL2303 ya toleo la zamani au ya kuiga, na draiva mpya imeikataa kwa makusudi. Chagua draiva ya toleo la nyuma kwenye orodha ileile ya Device Manager. Kama msimu wa masoko umekaribia, nunua kibadilishi chenye chipu ya FTDI halisi, usibahatishe siku wakulima wamepanga foleni na mizigo.

Mashine mpya haioni folda iliyo kwenye ya zamani

Windows XP inazungumza SMB1 tu, lugha ya zamani ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, mwaka 2017, SMB1 haiwekwi tena kwa kawaida. Sababu inajulikana: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia tundu la SMB1. Unaweza kuiwasha tena kwenye Windows Features, na mafundi wengi hufanya hivyo. Mimi naona si haki kumwachia mteja mlango huo wazi kwenye mashine anayotumia pia kwa barua pepe na benki. Hamishia data kwenye mashine mpya, na XP uitoe kwenye mtandao.

Tarehe zimegeuka

Mashine za mtumba kutoka Marekani huja zimepangwa mwezi kwanza, siku baadaye. Programu ya duka la dawa ikisoma 05/03 inaelewa tarehe 3 Mei badala ya 5 Machi, na haisemi chochote. Hakuna ujumbe wa kosa. Fungua mipangilio ya Region, weka `dd/MM/yyyy`, na ufanye hivyo kabla ya kuingiza rekodi yoyote kwenye mashine mpya. Kama zimeshaingizwa, zikague kwa kulinganisha na maboksi yaliyo rafuni, tangu siku ya kwanza mashine ilipoanza kutumika. Tarehe ambazo siku yake inazidi 12 kwa kawaida hujulikana zilivyo. Zile za chini ya hapo ndizo za kutilia shaka.

Maandishi madogo mno au yenye ukungu kwenye kioo ni jambo jepesi: Properties za programu, Compatibility, Change high DPI settings, chagua System (Enhanced).

Yote yameshindikana

Weka VirtualBox, programu inayotengeneza kompyuta ya kufikirika ndani ya mashine yako, na ndani yake Windows XP au Windows 7 ya biti 32 yenye leseni yako. XP inaridhika na megabaiti 512 za RAM, basi hata mashine ya gigabaiti 4 inaiweza. VirtualBox ikikataa kuanza, ingia BIOS uwashe Virtualization. Kadi ya mtandao ya mashine hiyo ya ndani izime, maana XP haijahudumiwa tangu 8 Aprili 2014. Faili la diski yake linakili kila jioni ikiwa imezimwa, na uwe na UPS: umeme ukikatika wakati inaandika, linaloharibika ni faili moja lenye kila kitu.

Kama mwenye kazi hataki tena programu, anataka kumbukumbu zake tu, mafaili ya .DBF hufunguka kwenye LibreOffice Calc bila gharama. Hifadhi kila moja kama lahajedwali, ukianza na la wateja na la madeni. Mafaili ya .MDB ya Access 97 hayafunguki kwenye Access 2013 na zilizofuata. Yafungue kwenye Access 2010 au ya nyuma yake, uyabadilishe kuwa .ACCDB ukiwa bado na mashine inayoweza kufanya hivyo.